Maneno ya Gaudiosa kwa Wasafiri

Kwetu Mikumi, ng'ambo ilianzia Tunduma. Mtu akishavuka pale mpakani, hata kama amelala Nakonde usiku mmoja tu na kurudi na kopo la mafuta ya kujipaka, alihesabiwa kuwa ametoka nje ya nchi na alikuwa na ruhusa ya kuongea kwa sauti kubwa vilabuni. Na kijana yeyote aliyetaka kuvuka, wazazi wake walimleta kwanza kwa Gaudiosa, mama ntilie wa pale barabarani, ili apewe maneno ya safari.

Gaudiosa mwenyewe Tunduma hakuijua. Mwisho wake ulikuwa Iringa, alikokwenda kuzika, akarudi na mafua na malalamiko kuhusu baridi. Baba yake, mzee Kasian, alitoka Songea enzi za wakoloni kuja kukata mkonge Kimamba, na Gaudiosa alizaliwa kwenye nyumba za manamba, akaolewa, akaachika, akahamia Mikumi mkonge ulipokosa bei. Alijenga banda la mabati kando ya barabara kuu. Halafu ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara. Sabuni zikarudi madukani, mitumba ikamwagwa sokoni, na barabara ikajaa malori ya Zambia, Malawi na Kongo. Madereva walisimama kwake kula, na dereva akishashiba husimulia. Gaudiosa alikuwa na masikio, na alikuwa na mdomo.

Mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza ya pili, kwa hiyo nimeyasikia mengi. Nisimwonee: maneno yake kwa wasafiri yalikuwa mazuri, na wapo waliofika salama kwa sababu yake. Ila alipenda kuchekesha. Alipenda kicheko cha watu kama wengine wanavyopenda pombe, na akishaona watu wameanza kucheka hakujua kuacha.

Sasa mtu wa kwetu akirudi kutoka mbali, kuna kufungua mzigo. Sijui wengine wanafanyaje, lakini kwetu anayerudi hushuka mchana, watu wakimwona. Begi lake halibebi mwenyewe, hupokewa. Likifika nyumbani linawekwa katikati ya sebule, majirani wameshajaa mpaka mlangoni, na linafunguliwa mbele yao. Koti la baba, kitenge cha mama, blanketi la bibi, pipi za watoto. Kila kitu kinachotoka kinapigiwa vigelegele. Anayefungua begi lake chumbani peke yake huambiwa ni mchoyo au ametoka jela.

Nickson, mtoto wa Magreth, alirudi kutoka Lusaka mwaka 1993. Tulijaa sebuleni kwao kama kawaida. Alifungua begi taratibu mno, nadhani alitumaini litajijaza lenyewe. Likatoka taulo, yakatoka mashati yake mawili, ikatoka pakiti ya biskuti, basi. Mtu mmoja alianza kigelegele kwa mazoea, akakikatisha. Hapo ndipo Gaudiosa, aliyekuwa amekaa mkekani miguu ameinyoosha, aliposema:

"Nickson baba, ulikwenda ng'ambo au ulikwenda Ruaha kukata miwa? Maana wakata miwa hurudi walau na sukari."

Nyumba nzima ilipasuka kwa kicheko. Mimi nilicheka. Magreth alicheka kuliko sisi, lakini machozi yalikuwa yanamtoka na hayakuwa ya kicheko. Anselmi, mtoto wa kaka yake Gaudiosa, alikuwa amesimama mlangoni. Naye alicheka kidogo, kisha akawa anatazama miguu yake. Tangu siku hiyo Nickson akaitwa Ruaha. Alianza kuziba pancha upande wa pili wa barabara, na hata wateja wake kutoka mbali walimwita Ruaha bila kujua kwa nini.

Huyo Anselmi ndiye niliyetaka kumfikia. Baba yake, Kornelio, alikuwa mtu wa reli Kilosa, akafa mapema, akamwacha mke wake Agnesi na mtoto mmoja. Agnesi alikuwa mwanamke wa maneno machache, analima mpunga wake, hana ugomvi na mtu. Kijana alipomaliza shule na kukosa kazi, alimpeleka Mikumi kwa shangazi yake. Gaudiosa alimpenda yule kijana. Alimpa kazi ya kuleta mkaa na maji, na alimwekea ukoko wa wali kila siku kwenye sufuria, kwa sababu Anselmi aliupenda ukoko kuliko nyama.

Mwaka 1995 Anselmi alisema anakwenda Sauzi. Vijana wengi walikuwa wanasema hivyo. Sauzi ilikuwa imefunguka na kila mtu alikuwa na rafiki wa rafiki aliyekuwa na gari huko. Agnesi alikuja kutoka Kilosa kwa barabara inayopita kijiji cha Ulaya, na kuku wa kukaanga ndani ya kikapu, kumuaga mwanawe. Tulikaa bandani mchana, baada ya wateja kupungua, na Gaudiosa akaanza.

"Sikiliza, baba. Ukipanda lori la watu usijifanye abiria. Likisimama uwe wa kwanza kushuka, weka mawe kwenye matairi, futa kioo. Dereva akikuona mvivu atakushusha porini uongee na simba. Pasi usiiweke kwenye begi, begi huibiwa. Jirani hapa atakushonea mfuko ndani ya kiuno cha suruali."

"Ndiyo, shangazi," alisema Anselmi. Nilikuwa nimeshamshonea.

"Shikamoo usiiache Tunduma. Hata kama hawaijui, wewe inamisha kichwa, mtu mzima ataelewa. Kwenye nyumba ya watu amka kabla yao. Wakikuuliza kazi fulani unaijua, sema naijua, halafu simama pembeni uangalie wenzako wanavyofanya. Chakula cha mtu usiyemjua, subiri ale yeye kwanza. Na ukiugua, sema. Usione haya kuugua, watu wanakufa kwa kuona haya."

Haya yote yalikuwa maneno mema, na ninayarudia hapa ili mjue kwamba hakuwa mwanamke mjinga. Agnesi alikuwa akimsikiliza wifi yake huku akipapasa mkono wa mwanawe. Alipoona pamenyamaza, naye akataka kusema lake.

"Na ukiona umeshindwa, mwanangu..."

"Asishindwe!" Gaudiosa alimkata. "Wifi, usimtabirie mtoto mabaya. Anselmi, hapa usirudi mikono mitupu. Usije kunitia aibu mbele ya hawa. Si uliona yaliyompata Ruaha?"

Tukacheka. Anselmi naye akacheka, na Agnesi akatabasamu kwa adabu. Alichotaka kusema hakukimalizia na hakuna aliyemuuliza. Jioni ile lori liliondoka na kijana akiwa ameketi juu ya magunia, anatupungia mkono.

Salamu zake zilikuja kwa midomo ya madereva. Amefika Lusaka. Ameondoka kwenda Sauzi. Amerudishwa mpakani, yuko tena Lusaka. Anauza karanga. Anaosha magari kwenye gereji ya Mhindi. Kila dereva aliyeulizwa atarudi lini alileta jibu lilelile, kwamba Anselmi anasema bado anajipanga. Gaudiosa alilipenda sana neno hilo. "Mtoto wetu anajipanga," aliwaambia wateja, na alilisema kama vile kujipanga ni cheo. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine na mwingine, mvua kubwa zile zikaja zikaikata barabara, zikapita, na Anselmi alikuwa bado anajipanga.

Agnesi alianza kuvimba miguu. Hospitalini walisema moyo umetanuka, wakampa dawa na kumwambia asilime tena. Gaudiosa alikwenda Kilosa mwenyewe akamchukua, akamleta kwake Mikumi. Hapo sitamnyima haki yake: alimtunza wifi yake vizuri. Alimwekea kiti pembeni ya banda, kwenye kivuli, kikitazama barabara, na Agnesi alishinda pale akitazama malori. Aliposhuka dereva, aliinuka kidogo.

"Habari za safari, baba. Kijana wangu Anselmi hamkumwona huko?"

Wengine walimwambia hapana. Wengine, kwa huruma, walisema wamemwona na amenenepa. Gaudiosa aliwapa ujumbe wazi: mama yake anaumwa, aje. Jibu lilirudi: mwambieni mama nakuja, namalizia kujipanga.

Siku moja, mchana wa jua kali, akaja Timotheo. Alikuwa dereva wa miaka mingi, mtu wa Mbeya, asiyependa maneno. Alikula, akanawa, halafu hakuondoka. Alimwita Gaudiosa pembeni, karibu na cherehani yangu.

"Mama, nikuambie jambo. Nimekaa nalo, nimeshindwa."

"Sema, baba. Umeoa mwingine?"

Timotheo hakucheka. "Unakumbuka nilipita hapa mwezi wa Ramadhani, nikakuomba ukoko?"

Gaudiosa alikumbuka, na mimi nilikumbuka, kwa sababu siku ile alimtania mpaka watu wakapaliwa. Alimuuliza tangu lini dereva mzima, mwenye mke na watoto, anakula ukoko, au meno ya maziwa yanamrudia. Kisha alimkwangulia sufuria akamfungia kwenye mfuko.

"Haukuwa wa kwangu," alisema Timotheo. "Alikuwa mle ndani ya lori, kitandani nyuma ya kiti, nyuma ya pazia. Nilimchukua Lusaka. Alisema anakwenda kumwona mama yake. Njia nzima alikuwa na furaha. Tulipoegesha hapa, akachungulia, akamwona mama yake kwenye kile kiti. Nikamwambia haya, shuka. Akaniambia, 'Nishuke na nini?'"

Gaudiosa aligeuka akatazama kiti cha wifi yake.

"Nikamwambia shuka hivyohivyo, mama yako mgonjwa. Akasema watu wamejaa bandani. Akasema nimletee ukoko tu. Alikula akiwa amelala chini, asionekane, na wewe sauti yako ya kicheko ilikuwa inasikika mpaka mle ndani. Nikaenda naye Dar, nikarudi naye Lusaka. Aliniapisha nisiseme."

Gaudiosa alikaa kwenye benchi langu. Wali uliokuwa jikoni uliungua, tukausikia harufu, na hakuinuka. Baadaye aliniambia: "Ni mdomo wangu huu. Si mwingine. Mtoto alikuja mpaka hapa, hatua chache tu kutoka kwa mama yake, akanisikia nacheka, akarudi." Nilitaka kumwambia sote tulicheka. Lakini niliona atapata nafuu asiyoistahili, na mimi nitajipatia yangu humohumo, nikanyamaza.

Jua lilipopungua alikwenda kukaa chini, kwenye vumbi, mbele ya kiti cha Agnesi, akamweleza kila kitu. Hakujitetea. Alimwambia kuhusu pazia, kuhusu ukoko, kuhusu maneno aliyomwambia Anselmi siku ya kuondoka. Akamwambia, "Wifi, nitukane. Nimekunyima mwanao." Alikuwa anataka kabisa kutukanwa, ungemwona jinsi alivyoinua uso.

Agnesi alitazama barabara.

"Huo ukoko," alisema, "alikula akashiba?"

Gaudiosa alilia hapo kama mtoto, na ni Agnesi aliyembembeleza.

Kesho yake Gaudiosa alivuka barabara kwenda kwa Nickson. Hakuwa amemwendea tangu siku ile ya begi, labda kumsalimia kwa mbali. Nickson alikuwa ameinama juu ya tairi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ruaha, nimekuja kuomba..."

"Kwanza niite jina langu," alisema Nickson, bila kuacha kazi.

"Nickson," alisema Gaudiosa. "Nickson, baba. Nilikukosea mbele ya watu. Nisamehe. Na kama hunisamehe, nisaidie hivyohivyo, kwa ajili ya yule mama pale."

Alimwomba aende Lusaka na Timotheo, amtafute Anselmi, amlete. Akienda dereva, Anselmi atampa jibu lake la siku zote. Lakini akienda Nickson mwenyewe, mtu aliyerudi na taulo na akaishi, huenda akaamini.

"Nimwambie nini?" aliuliza Nickson. "Kwamba Mikumi siku hizi hawacheki? Mimi si mwongo."

"Mwambie nimesema mimi, aje hivyo alivyo. Hata pekupeku aje."

Nickson alimtazama yule mwanamke, akamtazama Agnesi kwenye kiti ng'ambo ya barabara, akafunga zana zake. Alisema anakwenda kwa ajili ya yule aliyekaa, si kwa ajili ya aliyesimama. Gaudiosa alisema asante kwa hilo pia.

Zile siku za kusubiri Gaudiosa aliuza chakula kimyakimya. Wateja walimuuliza kama anaumwa. Akija mzazi na kijana wake kutaka maneno ya safari, aliwapa chai akawaambia waende kwa padri. Kila lori lililotoka upande wa Iringa lilimtoa nje na mwiko mkononi.

Nickson alirudi akiwa peke yake. Hata hivyo alikuwa anatabasamu. Alikwenda moja kwa moja kwa Agnesi, akachuchumaa.

"Mama, nimempata. Yuko njiani. Tumekuja pamoja mpaka Tunduma, tumeshavuka, yuko nchini. Ila pale akasema nitangulie. Anabeba mizigo pale mpakani siku mbili tatu, apate japo kitenge chako. Nilimsihi sana, mama, Mungu ananiona. Akasema mbele ya mama siwezi kusimama hivi."

Agnesi aliomba maji ya kuoga. Aliomba Gaudiosa amsuke nywele. Alivaa nguo yake ya kanisani, akakaa kwenye kiti akitazama upande wa Iringa, na kila aliyepita alimwambia mwanangu yuko nchini. Usiku ule alikula vizuri. Asubuhi Gaudiosa alipompelekea uji alimkuta ameshakufa, amelala upande, nywele zake bado nzuri.

Tulimsubiri Anselmi siku moja. Lilikuwa joto la mwezi wa kumi, na mwili haukuweza kusubiri zaidi. Tulimzika.

Alishuka kwenye basi siku ya pili yake, mchana, watu wakimwona. Alikuwa amekonda, lakini shati lilikuwa safi, na mkononi alikuwa na begi jipya, lililovimba. Alipotuona sote tuko nje alitabasamu, akafikiri tumekuja kumpokea. Hakuna aliyejua afanye nini na lile begi. Mwishowe Nickson ndiye aliyekwenda akalichukua, akamshika bega, akamwambia pale pale barabarani, kwa sauti ndogo.

Walimwingiza ndani kwenye mkeka wa msiba. Hakulia mara moja. Alikaa, akauliza ni lini. Wakamwambia juzi asubuhi.

"Juzi asubuhi nilikuwa sokoni Tunduma," alisema. "Nilikuwa nachagua rangi."

Begi lilikuwa limewekwa katikati ya chumba, kwa mazoea tu ya mikono, na hakuna aliyeligusa. Hapo Gaudiosa alitambaa kwa magoti kutoka walikokaa wanawake, mbele ya watu wote, akamshika Anselmi miguu.

"Ni mimi, baba. Ni mimi niliyekuchelewesha. Maneno yangu yale hayakuwa na maana, yalikuwa ya kuchekesha watu. Mama yako alikutaka wewe tu. Nitukane, mwanangu, mbele ya hawa."

Anselmi alimwinua. Alimwinua kwa heshima, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomwinua mkubwa wake, akamfuta vumbi kwenye kitenge.

"Hapana, shangazi, usiseme hivyo," alisema, na alisema kwa moyo wake wote, hapakuwa na kejeli hata chembe. "Wewe ulinifundisha vizuri. Leo ningeingia hapa msibani kwa mama yangu sina kitu mkononi, hawa watu wangenionaje?"

Akatutazama mmoja mmoja, akisubiri tukubali.